Krismasi: kuishika, kuipunguza au kuiacha? Ulinganisho kwa Mkristo wa Mombasa

Mkristo wa Mombasa ana faida moja katika mjadala huu. Hata kama hajawahi kukanyaga msikitini, amekulia kati ya majirani wanaopima matendo kwa vipimo vitano: faradhi, ambayo kuiacha ni dhambi, suna, inayosifiwa ila asiyeitenda hana kosa, mubaha, ambalo kulitenda na kutolitenda ni mamoja, makuruhu, linalochukiza bila kufika kuwa dhambi, na haramu. Ukristo haupangi mafundisho yake hivyo, lakini tutaviazima vipimo hivi, maana mabishano mengi ya Krismasi huanza pale mtu anaporuka kutoka faradhi hadi haramu kana kwamba hapo katikati hapana kitu.

Tukiyapanga makanisa ya mjini kwa vipimo hivyo, Mkatoliki ndiye mwenye faradhi. Kanuni ya 1246 ya Sheria ya Kanisa inaitaja Noeli miongoni mwa sikukuu za amri. Angalia lakini kinachoamriwa: Misa, na kuacha shughuli zinazozuia ibada. Mti, nguo mpya na kuku hazimo. Kwa Mwanglikana, Mlutheri na Mmethodisti siku hii iko karibu na suna: imo kwenye kalenda ya kanisa, inatanguliwa na Jumapili nne za Majilio na ina masomo yake. Wapentekoste wengi, ukiwabana, watasema ni mubaha, ingawa ukumbi hujaa pomoni. Waadventista wa Sabato hawaihesabu kuwa siku takatifu wala hawamkatazi muumini; wameiachia familia. Mashahidi wa Yehova wanaiweka haramu, pamoja na sherehe za siku za kuzaliwa. Makuruhu haina dhehebu lake. Ina watu, tena si haba, waliotawanyika katika makanisa yote: wanaokwenda ibadani asubuhi na kukikataa kila kinachofuata baada ya baraka.

Asidhani mtu kwamba mgawanyo huu ni wa tangu na tangu. PCEA, yaani Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, imetokana na wamisionari wa Scotland, na Scotland ya mageuzi iliifuta Krismasi. Mwongozo wa ibada wa Westminster wa mwaka 1645 ulisema wazi kwamba sikukuu zisizo na idhini katika Neno la Mungu zisiendelezwe, na huko Scotland 25 Desemba haikuwa siku ya mapumziko ya umma hadi 1958. Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini ya shilingi tano anayeshika siku hiyo, ikafutwa 1681. Kwa hiyo Mpresbiteri wa Mombasa anayewaona wasiosherehekea kuwa watu wa dini ngeni, akifuata shina la kanisa lake mwenyewe, atawakuta hukohuko.

Maandiko: kila upande na udhaifu wake

Hakuna aya inayoamuru kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo. Hakuna inayokataza. Hapo pande zote mbili zingekubaliana kazi ingekuwa nusu.

Wanaoshika wana hoja nzuri wasiyoitumia na hoja dhaifu wanayoipenda. Dhaifu ni kusema malaika waliimba, basi nasi tuimbe kila mwaka. Malaika waliimba mara moja. Nzuri iko Yohana 10:22. Yesu anaonekana Hekaluni kwenye sikukuu ya Kutabaruku, ambayo Torati haikuiagiza. Ilianzishwa na Wayahudi wenyewe baada ya Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi ulioasi watawala wa Kigiriki, kulitakasa Hekalu, mwaka 164 kabla ya Kristo. Purimu ya kitabu cha Esta nayo ni hivyohivyo. Watu wa Mungu, basi, wamewahi kujiwekea siku ya kumshukuru, na Yesu hakuikemea. Ila hoja hii inafikia ruhusa tu. Haiwezi kuifanya Krismasi kuwa wajibu.

Wanaoacha husimama juu ya Kumbukumbu la Torati 12:30-32, usimwabudu Bwana kwa namna ya mataifa wala usiongeze neno, na Wagalatia 4:10-11, pale Paulo anapohofia watu wanaoshika siku na miezi na miaka. Ya Wagalatia husomwa kwa haraka mno. Paulo anapigana na watu wanaotaka kuhesabiwa haki kwa kushika siku. Anayeshika Krismasi bila kudhani inamwokoa hajaguswa na onyo hilo. Anayeamini kwamba asiyeonekana kanisani siku hiyo si Mkristo, huyo limempata barabara.

Andiko linalotawala ni Warumi 14. Aya ya 5 inasema mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huona zote sawa, kisha: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Watu huishia hapo. Warudi nyuma hadi aya ya 3, maana, ikitumia mfano wa chakula, inataja dhambi mbili tofauti kwa pande mbili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Dharau ndiyo ugonjwa wa wanaosherehekea ("hawa washamba wamezidi"), na hukumu ndiyo ugonjwa wa wasiosherehekea ("mnaabudu jua"). Ukitaka kujua upande wako umekukaa vibaya, sikiliza ni lipi kati ya hayo mawili linalokutoka mdomoni Desemba ikifika.

Hoja ya upagani, na kwa nini haibebi uzito wote

Katika vikundi vya WhatsApp hoja hii huja ikiwa imekamilika: 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi, kanisa likaibatiza. Ukweli una mikunjo zaidi. Kaisari Aureliano aliweka hekalu la Jua Lisiloshindwa huko Roma mwaka 274, hilo ni kweli. Lakini ushahidi wa maandishi kwamba jua lilikuwa na sikukuu yake tarehe 25 Desemba unapatikana katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, na ni katika mkusanyo huohuo ndimo kuzaliwa kwa Kristo kunatajwa tarehe hiyohiyo, katika orodha inayodhaniwa kutungwa mwaka 336. Nani alimwiga nani, kalenda haisemi. Saturnalia, sikukuu ya Kirumi ya mungu Saturni ambayo pia hutajwatajwa, ilikuwa 17 hadi 23 Desemba, haigusi 25.

Kuna maelezo mengine yasiyosambazwa sana kwa sababu hayana utamu. Wakristo wa kale wa Magharibi waliamini Yesu alisulubiwa 25 Machi, na wazo lilikuwepo kwamba alichukuliwa mimba tarehe ileile aliyokufa. Hesabu miezi tisa. Mashariki walikuwa na 6 Aprili, ukihesabu tisa unaangukia 6 Januari, siku ambayo Waarmenia wanaishika mpaka leo. Wahabeshi na Wakopti wao wako 7 Januari kwa sababu ya kalenda yao ya kale. Maelezo haya nayo hayajathibitishwa mia kwa mia, ila yanatosha kuonyesha kwamba "imethibitika ni ya kipagani" ni kauli kubwa kuliko ushahidi wake.

Ile hoja kwamba Yesu hakuzaliwa Desemba kwa kuwa wachungaji wasingelala makondeni kwenye baridi iachwe kabisa. Bethlehemu iko kiasi cha mita 775 juu ya bahari. Desemba kuna baridi na mvua, lakini si theluji ya kufukia kondoo. Kwamba walikuwa makondeni usiku hakuthibitishi Desemba wala hakuikanushi.

Na Yeremia 10:3-4, aya inayotumwa kila mwaka pamoja na picha ya mti uliopambwa? Soma hadi aya ya 5. Mti unakatwa, fundi anauchonga kwa shoka, unapambwa kwa fedha na dhahabu, kisha kitu hicho hakiwezi kusema na lazima kibebwe kwa kuwa hakiwezi kwenda. Ni sanamu. Yeremia alisema hayo miaka mia sita kabla ya Kristo, hakuwa akifikiria mti wa plastiki wa sebuleni Bamburi wala tawi la mvinje. Mwenye kuukataa mti ana haki yake, ila atafute sababu nyingine.

Kipimo kizuri kwa anayekataa kwa ajili ya asili ni kuuliza kama anakataa vyote vya asili hiyo. Majina ya siku kwa Kiswahili yametuokoa, Jumamosi ni kuhesabu tu. Lakini Januari na Machi ni majina ya miungu ya Kirumi, na pete ya ndoa nayo ilivaliwa Roma kabla ya kanisa. Anayevaa pete bila kusumbuka na akasumbuliwa na keki ya Krismasi huenda anasumbuliwa na kitu kingine: pombe, madeni, kelele. Hicho akiseme kwa jina lake, nacho ni sababu halali kuliko ya mungu jua.

Anayesherehekea naye ana kipimo chake. Ondoa kuku, nguo na safari ya mashambani. Ibaki ibada ya saa mbili na kumshukuru Mungu kwa Mwana wake. Je, siku ingali na ladha? Kama haina, unashika sikukuu ya ukoo. Si dhambi, ila usiipandishe cheo ukaiita wajibu wa imani mbele ya asiyeitaka.

Njia tatu zikiletwa nyumbani

Kwenye karatasi kuna vipimo vitano. Nyumbani kuna njia tatu. Kushika yote, kushika ibada na kuacha mapambo na karamu, au kuacha yote.

Kwa upande wa mfuko, kushika yote ndiko kunakoumiza, na si kwa sababu ya chakula. Kilo moja ya mchele wa pilau inalisha watu wazima saba hivi. Kinachovunja nyumba ni nauli: mabasi yanayotoka Mwembe Tayari hupandisha bei kadiri tarehe 20 inavyokaribia, na familia ya watu watano hulipa mara mbili, kwenda na kurudi, kisha Januari ada ya shule inasubiri mlangoni. Watu wanaiita Njaanuari kwa mzaha, ila mkopo wa simu uliochukuliwa kwa ajili ya Krismasi si mzaha. Kati ya yote yanayofanywa siku hiyo, hili la kukopa ili uonekane ndilo tunaloliona karibu zaidi na haramu kuliko mti wowote. Anayeshika yote na atenge fedha tangu Agosti, ada kwanza. Au ahamishe safari iwe Aprili au Agosti, likizo nyingine ambazo nauli haina wazimu. Njia ya pili na ya tatu zina nafuu hapa, lakini nafuu hiyo hupotea ukiwa na michango ya ukoo.

Mchango wa mbuzi ndio mtego wa anayeacha. Ukikataa kutoa, utaambiwa umetumia dini kukwepa gharama, na mara nyingine watasema kweli. Njia safi ni kumtumia mama au bibi fedha ileile au zaidi mwanzoni mwa Desemba, na kumwambia ni ya matumizi yake, si ya sherehe. Akinunua mbuzi nayo, ni mbuzi wake. Na uamuzi utangazwe kabla ya Novemba kwisha. Anayetangaza tarehe 23, wakati viti vimehesabiwa na kuku wamefungwa miguu, hatasikika kama mtu wa dhamiri; atasikika kama mtu mwenye ugomvi.

Mume na mke wasipoafikiana

Hapa ndipo vipimo vitano vinapofanya kazi kuliko mahali pengine. Ulizaneni kila mmoja anaiweka wapi. Kama mmoja anasema haramu na mwingine mubaha, mzigo haulingani: aliye na mubaha anaweza kuacha bila kuvunja dhamiri yake, yule wa haramu hawezi kutenda bila kuivunja, na Warumi 14:23 inasema tendo lisilotoka katika imani ni dhambi, hata kama tendo lenyewe lilikuwa halali. Aliye huru ndiye mwenye nafasi ya kulegeza. Lakini kama mmoja ni Mkatoliki mwenye faradhi na mwenzake anasema haramu, hapo hakuna wa kulegeza ibada. Aende Misa bila kununiwa, mwenzake abaki bila kukokotwa, na majadiliano yahusu vile ambavyo si faradhi kwa yeyote: mti, muziki, wageni, nguo. Tumeona ushauri mwingi wa "kutana katikati" ukiharibu ndoa kwa sababu unamtaka mtu wa haramu atende nusu ya haramu.

Njia ya pili, ibada bila mapambo, huonekana ndiyo ya katikati inayofaa wote. Ndiyo ngumu kuliko zote kuitunza. Anayeacha kabisa ana sentensi moja ya kueleza. Anayeshika yote hahitaji kueleza. Wa katikati anaulizwa kila mwaka: mbona umekula pilau ukakataa keki, mbona umeimba ukakataa taa? Asipoandika mpaka wake, japo kwenye daftari, utasogezwa na kila mgeni. Mpaka unaoshikika huwa na vitu vichache vinavyotajika: ibada ndiyo, mlo wa pamoja ndiyo, Baba Krismasi hapana, mkopo hapana.

Watoto. Wanaoshika wachague mapema kama Baba Krismasi atasimuliwa kama mchezo au kama habari ya kweli. Mtoto wa miaka minane akigundua, swali lake linalofuata huwa juu ya Yesu. Wanaoacha wampe mtoto maneno ya kujibu wenzake, mafupi na bila tusi: "Kwetu hatusherehekei, ila karibu tucheze." Ukimfundisha kusema wenzake ni wapagani, umempa silaha ambayo atapigwa nayo. Nguo mpya nayo isipuuzwe. Mtaani Mombasa mtoto anawaona wenzake wakivaa mpya Idi na wakivaa mpya Krismasi. Asiyepata kote huko anajifunza kwamba Mungu wa nyumbani kwao ni mchoyo. Mnunulieni wakati shule zinapofunguliwa, na mwambieni tarehe tangu mapema.

Kazini

Desemba ni msimu wa hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, na hospitali na bandari hazifungi. Asiyeshika ana kitu cha kubadilishana: ajitolee zamu ya 25 ili mwenzake anayeshika apumzike, naye apewe siku anayoithamini. Ombi liandikwe kabla ratiba haijatoka, wiki nne mbele ni salama, na litaje siku zote mbili. Soma mkataba kuhusu malipo ya sikukuu za umma, maana 25 na 26 zote mbili ni za umma.

Tatizo huja kwenye kofia nyekundu na kuimbia wageni. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatashurutishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Usianze kwa kuitaja, utamfunga mkuu wako masikio. Anza kwa kupendekeza kazi nyingine ya saa hizo: jikoni, mapokezi, stoo. Ibara ibaki mfukoni.

Sahani ya jirani

Mtu wa bara anayehamia Mombasa hushangaa kwamba karamu yake ya Krismasi inategemea nani amechinja. Ukitaka jirani Mwislamu ale kwako, kuku au mbuzi achinjwe na Mwislamu. Mwite kijana wa mtaani mapema asubuhi au nunua kwa muuzaji wa halali. Sufuria isiwe iliyowahi kupika nguruwe, na pombe isikae meza moja na chakula hicho. Kosa linalotokea sana ni mchuzi: nyama ni ya halali, lakini mpishi akatumia mwiko uliotoka sufuria nyingine. Jirani hatasema kitu. Atakula wali mtupu na kuaga mapema.

Wala usimsukume. Yeye pia ana dhamiri, na mashehe hawako sauti moja kuhusu kushiriki sikukuu za wengine. Ukimpelekea sahani tarehe 27 bila kutaja Krismasi, umemwepusha na mtihani, na sahani yako hairudi tupu.

Kwa Mkristo asiyeshika, swali linageuka: jirani Mkristo amekuletea pilau tarehe 25, uile? 1 Wakorintho 10:25-29 imejibu jambo lililo zito zaidi, nyama iliyotoka sokoni kwenye mji wa masanamu: kula bila kuulizauliza, ila mtu akikutamkia kwamba hii imetolewa sadaka, acha, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyetamka. Pilau haijatolewa sadaka kwa sanamu yoyote. Pokea, shukuru, kula. Akikuambia "Krismasi njema", "Ahsante, nawe uwe na siku njema" inatosha. Somo la Kaisari Aureliano halina nafasi mlangoni mtu akiwa ameshika sahani ya moto.

Kalenda nayo ina mitego yake. Mwaka 2026 tarehe 25 Desemba ni Ijumaa: wageni Waislamu waalike baada ya swala ya adhuhuri, na familia ya Kiadventista imalize kupika na kuosha vyombo kabla ya jua kuzama na Sabato kuanza, ambako kwa Mombasa mwezi huo ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwaka 2027 inaangukia Jumamosi yenyewe. Mwadventista aliyealikwa mlo wa mchana aombe uwe Jumapili ya tarehe 26, ambayo pia ni mapumziko, na aombe hivyo mwenyeji wake akiwa hajaagiza mbuzi.